Maharagi ya Mama Juu ya Makaa

Sitaki kusingizia baridi. Baridi ilikuwepo, na mtu asiyejua Masisi anaweza kubisha, kwa sababu wengi wanafikiri Kongo yote ni joto na mbu. Aje apande kule juu kwenye malisho ya ng'ombe mwanzo wa mwezi wa tisa, mvua ikisharudi, asimame pale saa tisa ya mchana na triko moja ya sufu iliyolowa. Meno yake yatamwambia. Lakini maneno niliyomrushia rafiki yangu siku ile hayakutoka kwenye baridi. Yalitoka kwangu mimi, na nilikuwa nimeyaweka tayari tangu asubuhi.

Tulikuwa tunapeleka mbegu. Mama yangu alikimbia nyumba yake karibu na Kitshanga mwaka uliotangulia, siku risasi zilipofika mpaka kwenye migomba ya nyuma ya jiko. Majirani zake walijazana kwenye kambi ya wakimbizi. Yeye kambi alikataa, akasema hawezi kulala chini ya bache ya plastiki na kupanga foleni ya unga na mikono yake ingali mizima. Basi nilimwomba rafiki yangu, ambaye ni mtoto wa Kibua, kule Walikale, aseme na jamaa zake. Walikubali. Mjomba wake alimpa mama chumba, na nyuma ya chumba kipande cha shamba.

Mama ni mtu wa maharagi. Si kwamba anapenda kuyala, hapana, ni kwamba ndiyo kazi anayoijua kuliko zote. Kibua walimpa mbegu zao, akapanda, zikatoa majani mengi na maganda matupu. Mwezi wa nane nilipompigia simu hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mwezi ya tisa ikiisha mbegu yangu haiyafika," alisema, "ntarudia kwangu. Ntalima kwangu. Kama ni kufa, ntafia mu shamba yangu."

Mtu anayemjua mama anajua kwamba hatishii watu. Akisema ataondoka, ujue viatu vimeshakaa mlangoni. Na jirani yake mmoja aliyerudi kulima upande ule, alirudi na jembe begani miezi mitatu kabla, na mpaka leo hatujasikia habari yake. Kwa hiyo mzigo wangu ulikuwa ule tu: mbegu ifike nzima, mama abaki mahali ambapo hakuna anayempiga mtu risasi. Isipofika, ama ikifika imekufa, mama anashika njia.

Mbegu yenyewe aliiacha Kitshanga kwa mama mmoja wa kanisa lake. Aliitia kwenye bido, dumu la njano la lita tano, ameichanganya na majivu, mdomo ameuziba na kitambaa na nta ya mshumaa. Ndani mlikuwa na aina saba, zimechanganyika. Kuna nyekundu ya madoa inayovumilia mvua nyingi, kuna ndogo nyeusi inayozaa hata udongo ukichoka, kuna ya njano inayoiva mapema wakati watu wana njaa, na zingine. Mama hapandi aina moja. Anasema mvua haimwambii mtu itakavyokuwa, kwa hiyo yeye anapanda zote, na kila mwaka zipo zitakazomjibu. Ule mchanganyiko aliupata kwa mama yake, na mama yake kwa mama mkwe wake. Hauuzwi sokoni.

Bido ilinifikia Kirotshe, kando ya ziwa, ninakoishi na kushona nguo. Rafiki yangu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Anauza mafuta ya mawese yanayotoka kwao. Nilipomwambia nataka kwenda, hakufikiri mara mbili.

"Weye haujue njia," alisema. "Kipande kingine ni ya miguu. Twende wote, siku tatu tu."

Hakuwa na kazi Kibua. Hakuwa na msiba wala harusi. Alifunga meza yake ya mafuta siku hizo zote kwa ajili ya mama yangu, na mimi nilichukua jambo lile kama vile mtu anachukua maji ya bure.

Sasa saki. Nilikuwa nimenunua Goma, kwenye nguo za mitumba, saki ya mgongoni ya bluu, yenye mikanda ya kifuani na ya tumboni na mifuko mingi isiyokuwa na kazi. Muuzaji aliapa kwamba mzungu mmoja alipanda nayo volkano. Nilijiona mtu. Asubuhi ya kuondoka nilifungua bido ya mama, nikapepeta majivu yote kwa sababu yangechafua saki yangu, nikamimina maharagi ndani ya mfuko wa unga, na mfuko nikautia kwenye saki. Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni, ananiangalia.

"Dada, acha mu bido," alisema. "Bido haiingize maji."

"Bido itanipiga ku kiuno."

"Basi leta miye. Ntatia mu kitunga yangu, ntafunika na majani."

Kitunga chake anakibeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, kama wanawake wote wa kwao. Nilicheka. Nilimwambia mbegu ya mama haitasafiri kwa paji la uso kama wakati wa babu zetu. Akainua mabega, akafunga kitunga chake. Nadhani ugomvi ulianzia pale, si kule juu.

Moto, yaani pikipiki, ilitubeba mpaka juu ya Masisi, mahali barabara inapogeuka tope. Motari, dereva wake, aliangalia lile tope, akazima, akasema yeye ana mke na watoto. Tukashuka. Kutoka pale ni miguu.

Rafiki yangu anatembea haraka. Anainamia kamba yake, mikono imeshika kamba kando ya masikio, miguu mifupi mifupi, hasimami. Mimi mikanda ya yule mzungu ilinikata mabega kabla ya saa moja kuisha. Kila nilipoomba tupumzike alisimama bila kutua kitunga, akaniangalia nikihangaika na vile vifungo, na hakusema neno. Ningependa angesema. Mtu akinyamaza vile unamsikia zaidi. Nilianza kuhesabu makosa yake moyoni: anatembea mbele kama mwenye njia, anatafuna muhogo peke yake, anajibu watu wa njiani kwa lugha yao wakacheka nisijue wanacheka nini. Nilikuwa na hakika wanacheka saki yangu. Hata sasa sina uhakika kwamba hawakuicheka.

Tulipofika kwenye malisho ya juu, wingu likashuka mpaka magotini. Halafu mvua ya mawe. Iliangukia kichwani, mikononi, ng'ombe wakakimbia, majani yote yakageuka meupe. Hakuna mti kule, wazee walikata kila kitu zamani ili ng'ombe wale. Tulitembea ndani ya ile mvua muda mrefu, vidole vyangu sikuvisikia tena, mpaka tukaona kibanda cha wachungaji. Hakikuwa na mtu. Kilikuwa na nyasi kavu pembeni, kuni kidogo, na mawe matatu.

Nilitupa saki chini, kando ya ukuta. Sikuifungua. Ningeifungua wakati ule, mengine yote yasingetokea, lakini mwili wangu ulikuwa unatetemeka wote na nilitaka kitu kimoja tu, kujilaza. Rafiki yangu alinivua triko kwa nguvu, akanifunika kikwembe, kitenge chake kikavu, kutoka ndani ya kile kitunga kilichofunikwa majani. Kikavu kabisa. Nikalala.

Nilipoamka kulikuwa kungali mchana, mvua imeisha, na kibanda kimejaa moshi. Rafiki yangu alikuwa amechuchumaa. Juu ya makaa alikuwa amesimamisha vijiti vinne, ametandika vingine juu yake, na juu ya vijiti ametandaza kikwembe changu cha kwendea misa. Na juu ya kikwembe, maharagi ya mama.

Nieleze hapa, kwa sababu mtu wa mjini hataona ubaya. Kwetu milimani mbegu ya maharagi inakauka na jua. Mama alinifundisha hivyo kwa kofi. Nilipokuwa mdogo niliacha sahani ya mbegu karibu na jiko, akanipiga, akasema yenye kukauka na moto ni chakula, si mbegu tena, imeshakufa ndani hata kama inang'aa. Basi nilipoona ule moshi unapita katikati ya nyekundu na nyeusi na njano, sikuona maharagi. Nilimwona mama yuko njiani na jembe begani.

"Unafanya nini?"

"Saki yako imeingiza maji," alisema bila kugeuka. "Ilikuwa ndani ya maji hapo chini ya ukuta. Mbegu imeanza kuvimba. Hii ni nusu ya kwanza, kitanda ni kidogo. Nikimaliza natia ingine."

"Unaipika."

"Siipike. Naikausha."

"Mbegu inakauka na jua."

Akanyoosha kidole kwenye mlango. Nje kulikuwa na wingu tupu. "Jua iko wapi?" aliniuliza. "Kwetu pori jua haifike chini. Mahindi ya mbegu tunatundika juu ya moto, maharagi tunatundika, na inaota kila mwaka. Moto nimesukuma kando, kumebaki makaa ndani ya majivu. Tia mukono hapa chini, usikie."

Aliweka mkono wake mwenyewe chini ya kikwembe, mgongo wa mkono juu, akauacha pale. Aliuacha muda mrefu. Aliniangalia, anangoja na mimi niweke wangu.

Sikuweka. Nilisimama nikamwambia kwamba amefungua saki yangu bila ruhusa, kwamba ameharibu kikwembe changu, kwamba ameua mbegu ya mama. Haya yote angeyavumilia. Halafu nikasema: "Nyinyi bantu ya pori munakausha kila kitu sawa nyama ya nyani. Hata mama yako mungelimutia ku moshi."

Mama yake alikuwa amekufa mwaka ule ule. Mimi nilikuwa msibani. Mimi nilipika chai ya watu waliokuja kulia.

Alitoa mkono chini ya kikwembe, akaendelea kugeuza maharagi, moja moja, kwa vidole. Nilichukua ile nusu nyingine, iliyobaki ndani ya mfuko, ikiwa na maji yake, nikaikumbatia, nikamwambia hiyo asiiguse. Nitaikausha na jua kesho. Akasema, "Sawa." Akamaliza nusu yake, akaifunga kwenye majani, akaiweka katikati ya kitunga, na kikwembe changu chini yake.

Kesho yake jua halikutoka. Kesho kutwa pia. Tulishuka kutoka kwenye baridi tukaingia kwenye misitu, miti inadondosha maji hata mvua ikishaisha, na kati yetu hakupita neno ila la njia. "Shika kulia." "Hapa kuna utelezi." Kwenye kijito kimoja daraja lilikuwa gogo moja limeota ukungu. Alivuka, akatua kitunga, akarudi katikati ya gogo, akaninyooshea fimbo yake huku ameangalia pembeni. Niliishika. Sikusema aksanti. Nilikuwa nimeshaamua kwamba mwenye kosa ni yeye, na mtu akishaamua hivyo hata wema wa mwenziwe unamkera. Mgongoni kwangu mbegu ilikuwa ya moto kidogo, nikajiambia ni mwili wangu unaipasha.

Tulifika Kibua siku ya tatu saa za mchana. Mama alikuwa uani, pamoja na mjomba wa rafiki yangu na wake wa nyumba ile na majirani waliokuja kusalimia. Watu wale wale waliompa mama yangu paa. Hata maji ya kunawa sikuyangoja.

"Mama, mbegu yako imekufa nusu," nilisema, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Huyu aliipika na moto. Nilimukataza, akapika."

Mjomba alimwangalia mtoto wa dada yake. "Ni kweli?" alimuuliza.

"Niliikausha, Papa," alimjibu mjomba. Hakuongeza la saki, wala la bido, wala la mama yake. Alitua kitunga, akatoa lile furushi la majani, akaliweka miguuni pa mama yangu kwa mikono miwili, akaingia ndani kulala. Asubuhi tuliambiwa ameshaondoka na watu wa mafuta.

Mama hakulia na hakugomba. Alichukua chembe moja kutoka kila upande, akaitafuna, akatema. Hakusema alichoonja. Alilima mistari miwili palepale nyuma ya chumba, akapanda: mstari wa karibu na nyumba maharagi yangu, mstari wa upande wa migomba maharagi ya moto. Zilizobaki akazitandaza, za huku na za kule, mbalimbali. Halafu akanawa mikono, akafungua kisanduku chake, akaanza kukunja nguo.

"Nakupa siku saba," alisema. "Nikiona udongo mutupu, weye unarudi Kirotshe, na miye narudi kwangu."

Nilikaa siku saba. Chakula nilikula kwa mjomba yule yule, kwenye sahani yake. Wake wa nyumba walinipakulia, walinisalimu, hawakunicheka hata mara moja. Nilisikia kisimani wanawake wawili wakisema kwa Kiswahili juu ya rafiki yangu, kwamba tangu aende kukaa ziwani amesahau hata kukausha mbegu. Nilijaza ndoo yangu, nikaondoka.

Siku ya sita asubuhi mama aliniita. Alikuwa amechuchumaa kando ya migomba. Kwenye mstari wa moto udongo ulikuwa umepasuka, na shingo zilikuwa zinatoka, zimepinda, nyeupe, moja, nyingine, nyingine, mpaka mwisho wa mstari. Si zote. Lakini nyingi. Mama alikwenda kwenye mstari wangu, akafukua kwa kidole. Alichotoa kilikuwa ute. Kilinuka. Alifukua mahali pengine, ute. Akafukua mpaka nusu ya mstari, bila haraka, akinionyesha kila shimo.

"Huyu binti," aliniuliza, "alikuambia utie mukono chini ya kikwembe?"

Nilijiuliza nani amemwambia. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amekaa mwaka mzima katika nyumba ile, ameona wanavyofanya.

"Aliniambia."

"Ulitia?"

"Hapana."

Mama alipangusa kidole chake kwenye jani la mgomba. Akaingia ndani, akatoa nguo kisandukuni, akazitundika tena kwenye kamba yake. Kwa hiyo mama alibaki. Yuko Kibua mpaka leo, analima, na aina tano kati ya saba zimepona. Ile ya njano na nyingine moja zilikuwa nyingi kwenye nusu yangu.

Nilirudi Kirotshe nikasema nitakwenda kuomba msamaha. Nyumba ya tatu. Nilikuwa na hotuba. Nikapita mlangoni pake nikienda sokoni, nikapita nikirudi, wiki ya kwanza, wiki ya pili. Yeye akiniona anasalimu, "Mambo, dada," kama unavyosalimu mtu mliyekutana hospitalini. Baadaye hotuba ikaanza kuwa na maneno ya kujitetea, kwamba na yeye angeniamsha kwanza, na kikwembe je. Nikaona bora ninyamaze. Nilikuwa nimemkasirikia kwa sababu nilimkosea, na hasira ya namna ile haina pa kutokea.

Mwezi wa kwanza mama alivuna. Akamtuma motari aniletee mfuko mdogo, na maneno: hii ni ya yule binti, umupelekee weye mwenyewe, na mikono yako.

Nilipeleka. Ilikuwa mchana, meza yake ya mafuta iko wazi, yeye amekaa nyuma yake. Nilimwambia mama amemtumia mbegu. Aliupokea mfuko kwa mikono miwili, kama inavyopasa kupokea kitu cha mzee, akasema, "Aksanti kwa mama." Kisha aliuliza:

"Ilikuja mu nini?"

"Mu moto ya motari, mu mufuko hii."

"Haikupita mu saki yako?"

"Haikupita."

Aliingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika juani. Akamimina maharagi, akapiga magoti, akaanza kuyakagua kwa vidole, moja moja, akiminya kila chembe kusikia kama ina maji. Nilisimama pale. Kwetu mtu akifika mlangoni pako, hata adui, hata mtoza kodi, unamtolea kiti kabla hujamuuliza habari. Kiti kilikuwa nyuma yake, kitupu, na kikwembe changu cha misa kimekunjwa juu yake, kimefuliwa, kingali na rangi ya moshi.

"Chukua kikwembe yako," alisema, bila kuinua kichwa. "Kiti uache."